Barua 200 kutoka orodha moja

Tuseme kamati ya basari hapa Mtopanga ina majina ya wanafunzi 200 kwenye hifadhidata, na kila mzazi anangoja barua ya kupeleka shuleni. Word au LibreOffice Writer inaweza kuzitoa barua zote kwa mpigo mmoja. Kazi kubwa iko kwenye kuandaa orodha.

Kwanza toa rekodi kutoka hifadhidata zikiwa faili ya CSV. Mstari wa kwanza uwe na vichwa vya safu: Jina, Shule, Nambari_ya_Usajili, Kiasi, Tarehe. Baada ya hapo kila mwanafunzi awe na mstari wake, bila mistari mitupu katikati.

Hapa ndipo wengi hukosea. Ukibofya faili ya CSV ifunguke moja kwa moja kwenye Excel, nambari ya usajili 0087 inageuka 87, na simu inayoanza na 07 inapoteza sufuri. Karani wa shule akitafuta 87 kwenye daftari lake huenda asimpate mtoto, na mzazi arudishwe nyumbani. Fungua Excel tupu, ingia Data, chagua From Text/CSV, kisha bonyeza Transform Data na uzipe safu hizo aina ya Text. Hifadhi kama faili ya Excel; ukirudisha kwenye CSV na kuibofya tena, sufuri zitapotea upya.

Tarehe nayo ina mtego wake. Tarehe 3 Aprili inaweza kutokea kwenye barua kama 4/3, kwa mtindo wa Marekani, na sisi tukasoma 4 Machi. Iandike kwa maneno, "3 Aprili 2025", na safu hiyo pia iwe Text.

Ukitaka kupanga majina kwa alfabeti, chagua jedwali zima. Ukipanga safu ya majina peke yake, watoto wanaweza kupewa shule na pesa za wenzao, kwa hiyo usipuuze onyo la kompyuta likitokea.

Sasa fungua barua kwenye Word. Katika Mailings, bonyeza Select Recipients, chagua Use an Existing List, onyesha faili yako, kisha tumia Insert Merge Field kuweka Jina, Shule na mengine mahali pake. Preview Results itakuonyesha barua zilivyo. Linganisha kumi hivi na daftari la kamati, hasa ya kwanza, ya mwisho na zenye majina kama Ng'ang'a, kabla ya kubonyeza Finish & Merge.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa kiasi kinachohitajika tu. Kama barua haitaji kitambulisho cha mzazi, ondoa safu hiyo mapema. Na ukichapishia saiba, futa faili kwenye kompyuta yao, kisha ufute pia ndani ya Recycle Bin, kabla hujalipa na kuondoka.