Mabaka ya Sakafuni: Kuondoa Kuvumwani kwa Maji na Jua

Sakafu ya ua ikishapitiwa na masika mbili tatu huanza kuota mabaka. Mengine ni ya kijivu, mengine meupe, mengine meusi kama lami iliyodondoka, na yapo ya rangi ya chungwa. Mengi ni ya mviringo, mfano wa choa kwenye ngozi ya mtoto. Mwenye nyumba hudhani ni uchafu uliogandamana au sementi inayooza, akatafuta brashi ya waya, maji ya betri au kijana mwenye mashine ya presha. Sakafu hung'aa siku ile. Baada ya misimu michache mabaka hurudi pale pale, safari hii juu ya sakafu iliyochubuka. Hoja ya kijitabu hiki ni moja: baka lile ni kiumbe hai, na kiumbe hicho ni kigumu kikiwa kikavu, ni dhaifu kikiwa kimelowa. Anayelielewa hilo anaweza kuisafisha sakafu kwa maji, turubai na jua bila kuila sakafu yenyewe.

Wataalamu wa Kiswahili wamekiita kiumbe hiki kuvumwani, na jina hilo limebeba maelezo yake: ni kuvu na mwani wanaoishi mwili mmoja. Kuvu hujenga nyumba, hushika jiwe na kuhifadhi unyevu. Mwani, aliyejificha ndani, hupika sukari kwa mwanga wa jua, nao wote wawili wakala. Mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Simon Schwendener, alipoitoa hoja hiyo mwaka 1867, wenzake wengi waliikataa, kwa kuwa walizoea kuihesabu kuvumwani kuwa mmea mmoja kamili. Sisi wa mwambao tulikuwa na jina la aina yake moja kabla ya kamusi za sayansi: marere, iliyokusanywa katika karne ya 19 na kusafirishwa kutoka Unguja kwenda kutengenezewa rangi ya zambarau ya nguo. Hata karatasi ya litmasi, ile ambayo mwanafunzi huichovya kwenye asidi ikageuka nyekundu, rangi yake asili inatokana na kuvumwani. Basi tusiidharau. Ila si kila mahali inapoota inatakiwa, na sakafu ya ua ni mojawapo.

Kabla ya kuiondoa, hakikisha kwamba ndiyo. Dondosha matone mawili ya maji juu ya baka kavu la kijivu, kisha inama utazame. Kama ni kuvumwani, aghalabu utaona rangi ikibadilika mbele ya macho yako: kijivu kinafifia, kijani kinajitokeza. Ngozi ya kuvu ikilowa hupitisha mwanga, na mwani aliye chini yake huonekana. Doa la lami, la kutu au la rangi ya mafuta halifanyi hivyo, na mabaka meusi tii nayo huwa magumu kuyasoma kwa njia hii. Hayo yakwangue kidogo kwa ukucha uone kama yana ukoko. Utando wa kijani unaoteleza kama bamia ni kitu kingine tena. Huo ni mwani mtupu, haujajishika na jiwe, na ufagio mgumu na maji vinautosha. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu utando ndio unaowaangusha wazee na watoto mara nyingi zaidi kuliko ukoko wa kuvumwani. Ikiwa shida yako ni utelezi, anza na utando. Huenda usihitaji kuendelea kusoma.

Ugumu wa kuvumwani unatokana na tabia moja. Haina mizizi ya kunyonya maji wala namna ya kuyazuia yasitoke. Mvua ikinyesha hulowa, jua likiwaka hukauka kabisa, na ikikauka husimamisha maisha. Katika hali hiyo haili, haikui, na karibu hakuna kinachoidhuru. Kila anayepika maandazi analijua jambo hili kwa upande wa hamira: ikiwa kavu hukaa kabatini miezi, ukiimiminia maji ya moto kupita kiasi imekufa na unga hauumuki. Mwaka 2012 watafiti wa Trieste, Italia, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa aina kadhaa za kuvumwani zinazoota juu ya mawe. Zikiwa kavu zilistahimili joto kali. Zikiwa zimelowa chepechepe, saa chache katika nyuzi joto 55 zilitosha kuziua. Walikuwa wakitafuta njia ya kulinda mawe ya majengo na sanamu bila kumwaga sumu nyingi, lakini matokeo yao yanatufaa sisi zaidi, maana joto la namna hiyo wao hulitengeneza na sisi tunalo bure. Na hapo ndipo kosa letu la kawaida linapoonekana: tunasubiri kiangazi, sakafu ikiwa kavu kama mfupa, ndipo tunaanza kusugua. Tunaipiga kuvumwani wakati ule ule ambao imevaa ngao.

Kwa hiyo kiangazi ni sawa, ila maji yatangulie. Chagua siku za jua kali zinazofuatana. Fagia sakafu kwa ufagio wa chelewa uondoe mchanga na majani, kisha jioni iloweshe vizuri, si kunyunyizia, mpaka mabaka yote yageuke rangi. Alfajiri iloweshe tena, halafu tandika turubai jeusi au nailoni nzito moja kwa moja juu ya sakafu, bila pengo la hewa kadiri iwezekanavyo. Zungushia mchanga au matofali kwenye kingo ili mvuke usitoroke, kwa kuwa mvuke ukitoka kuvumwani itakauka chini ya turubai na kazi yote itakuwa ya bure. Acha mpaka jua lizame. Usifunue mchana kuchungulia. Jioni funua, lowesha, funika upya. Siku nne au tano mfululizo si nyingi. Saa saba mchana weka kiganja juu ya turubai: ukishindwa kukiacha hapo, joto lipo. Ndiyo maana watoto, kuku na paka wazuiwe kukanyaga eneo hilo. Wakulima wanaijua mbinu jirani na hii, ya kufunika udongo uliolowa kwa nailoni ili jua liue vimelea vya magonjwa ya mimea, na huko udongo wa juu hupita nyuzi joto 45. Turubai jeusi lina faida ya pili: linamnyima mwani mwanga, naye asipopika, mwenziwe hali.

Wapo watakaosema kwamba hii ni njia ndefu wakati dukani kuna asidi ya chooni ya bei ndogo. Ni kweli asidi huondoa baka kwa dakika. Lakini tazama inaliondoaje. Chukua kipande cha jiwe la matumbawe au chokaa kuukuu, kamulia limau, sogeza jicho: vipovu vidogo vitachemka, na vipovu hivyo ni jiwe lenyewe likigeuka hewa na chumvi. Sementi nayo ina chokaa ndani yake, na matofali ya pevingi, au kabro kama wasemavyo Kenya, ni sementi na kokoto. Asidi kali haichagui kati ya kuvumwani na sakafu. Huling'oa baka kwa kulitafuna tabaka lililolishika. Ngozi ya juu ya sementi, ile laini iliyobana, ikishakwisha, mchanga unabaki wazi, na sakafu yenye vitundu hunywa maji na kushika vumbi. Hakuna shamba bora zaidi kwa mbegu za kuvumwani zinazopeperushwa na upepo. Mwenye nyumba amelipa pesa kuandaa kitalu.

Mashine ya presha inastahili jibu la haki zaidi, maana haina sumu na kwa ule utando wa kijani inafanya kazi vizuri, mradi pua yake isisogezwe karibu mno. Kwa kuvumwani hoja ni nyingine. Nyuzinyuzi za kuvu huingia ndani ya jiwe, na kwenye mawe laini ya chokaa zinaweza kuzama milimita kadhaa. Maji ya presha hukata kinachoonekana na kuacha kilichozama, ambacho baadaye huchipua. Ili kukifikia kilichozama itabidi uongeze nguvu mpaka jiwe lenyewe lianze kuondoka, na pamoja nalo mchanga wa kwenye maungio ya matofali. Sakafu ya pevingi iliyopoteza mchanga wa maungio huanza kucheza chini ya miguu, kisha kutitia chini ya tairi. Brashi ya waya ina kosa hilo hilo na jingine juu yake: huacha vichembe vya chuma vinavyoota kutu, na madoa ya kutu ni mabaya kuliko mabaka.

Pingamizi zito zaidi ni la watu wa nyanda za juu. Lushoto, Njombe au Limuru, mwezi Julai, ukimwambia mtu atandike turubai asubiri jua atakucheka, na ana haki. Kwake ziko njia mbili. Kwa mabaka machache, maji yanayochemka yanatosha: lowesha kwanza kwa maji baridi, acha nusu saa, kisha mimina maji ya moto polepole na funika kwa gunia lililochovywa katika maji hayo hayo ili joto likae. Rudia. Viatu vya kufunika miguu ni lazima, kandambili haifai. Kwa eneo kubwa la sementi ya kawaida, jiki inakubalika. Jiki nyingi za madukani zina klorini ya karibu asilimia 3.5, hivyo sehemu moja ya jiki kwa sehemu mbili za maji hukaribia asilimia moja. Hapa napo kanuni ya kulowesha inabaki ile ile, kwa sababu kuvumwani iliyoamka hunywa dawa na iliyolala huikataa. Paka siku isiyo na mvua, acha robo saa, sugua kwa brashi ya plastiki, suuza kwa maji mengi, na elekeza maji hayo mbali na bustani, kisima na bwawa la samaki. Jiki isichanganywe kamwe na asidi ya chooni, siki, limau wala dawa yenye amonia; hewa inayotoka huko huunguza mapafu, na imewalaza watu hospitali kwa kosa la kudhani kwamba dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Mrututu, ambao wakulima wa kahawa wanao ghalani, huua kuvumwani pia, ila hupaka sakafu rangi ya samawati na ni sumu kwa samaki. Uachwe shambani.

Njia ya jua ina jambo moja linalowakatisha watu tamaa, na ni afadhali lisemwe mapema: siku unapofunua turubai kwa mara ya mwisho, mabaka bado yapo. Kuvumwani iliyokufa haidondoki mara moja. Hupauka, hulegea, kisha hupukutika kwa mvua, nyayo na ufagio wa kila siku, na kwa ukoko uliokomaa hilo huchukua miezi. Baada ya wiki mbili rudia kipimo cha matone ya maji. Kijani kisipojitokeza, imekufa. Lililobaki ni ganda, nalo laweza kukwanguliwa kwa kipande cha mbao au kifuu. Asiyeweza kusubiri atarudi kwenye asidi, na hapo hatuna la kumsaidia. Lakini akumbuke kwamba nyingi za aina hizi za ukoko hutanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka, au chini ya hapo. Baka la ukubwa wa kizibo cha soda limekaa hapo miaka. Kulipa miezi miwili ya kuondoka si ukarimu uliopitiliza.

Kuhusu kuzuia lisirudi hakuna siri kubwa. Maji yasituame: mteremko wa sentimita moja kwa kila mita unatosha kuyaondoa. Mfereji wa paa usimwage sakafuni, tawi la mwembe linalofunika ua mchana kutwa lipunguzwe, na majani yafagiliwe kabla hayajaoza. Anayefanya haya atakaa miaka bila kuhitaji turubai.

Limebaki jambo la mawe yasiyo ya kwako wala ya kwangu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu, makaburi ya zamani yenye maandishi, haya yote yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ambayo ni laini kuliko sementi. Humo kuvumwani mara nyingine imeshikamana na herufi na nakshi kiasi kwamba ukiitoa, nakshi inatoka nayo. Jua na turubai visijaribiwe huko, wala jiki, wala ufagio mgumu. Ukiona baka juu ya kaburi la babu wa mtaa au kizingiti cha msikiti wa kale, acha kama lilivyo na uwaarifu wahusika wa mambo ya kale walio karibu nawe. Kwa sakafu ya nyumbani kwako, anza na kona moja ya mita moja kwa moja, nyuma ya tangi la maji ambapo mgeni hapiti, uone jiwe lako linavyopokea kabla ya kutandika turubai ua mzima.