Magugu ya Mibuni na Uhai wa Udongo

Swali: Je, kuua magugu yote shambani mwa kahawa huwadhuru wadudu wa udongoni?

Jibu: Ndiyo, hasa ardhi inapoachwa tupu. Arithropoda, yaani wanyama wenye miguu ya viungo kama chungu, buibui, jongoo na utitiri, hutegemea kivuli, unyevu na mabaki ya mimea. Palizi ya jembe ya mara kwa mara huvunja viota vyao na hukata mizizi myembamba ya mbuni iliyo karibu na uso wa udongo, ilhali kiuagugu kama glaifoseti, hata kisipowaua moja kwa moja, huwanyima chakula na maficho. Wanaoumia upesi ni kolembola, vijidudu virukavyo kwa kiungo chenye umbo la uma chini ya tumbo, ambavyo hula kuvu na kusaidia kuozesha majani.

Katika vihamba vya Kilimanjaro, ambako mibuni hukua chini ya migomba, inafaa kufyeka magugu yasiyo sugu na kuyaacha yawe matandazo, lakini sangari, ambayo vipande vya mashina yake ya chini ya ardhi huchipua upya, sharti ichimbuliwe na kuondolewa kabisa. Chungu wanaosalia huwawinda hata ruhuka, wadudu watoboao matunda ya kahawa.