Jengo la Shule na Njia za Kufundishia

Mwalimu mgeni aingiapo darasani hukuta madawati yamekwisha kupangwa, naye aweza kudhani kwamba ndivyo shule zilivyokuwa tangu kale. Sivyo.

Katika miji ya Marekani, mwanzoni mwa karne ya 19, watoto wengi wa viwango mbalimbali walifundishwa katika ukumbi mmoja na mwalimu mkuu pamoja na wasaidizi wake. Mwaka 1848 Shule ya Quincy ilifunguliwa mjini Boston, ikiongozwa na John Philbrick. Jengo hilo la ghorofa lilikuwa na madarasa 12, kila moja na mwalimu wake, wanafunzi wapatao 56 wa kiwango kimoja, na dawati kwa kila mtoto. Miji mingine iliiga. Faida ni dhahiri: somo moja liliweza kuwafaa wote. Lakini madawati yalikazwa sakafuni yakielekea mbele. Mtoto akazoea kusikiliza kuliko kutenda.

Mwaka 1940 ilifunguliwa Shule ya Crow Island huko Winnetka, karibu na Chicago. Wachoraji wa jengo waliwauliza walimu kwanza haja zao. Kila darasa likapata viti vya kuhamishika, chumba kidogo cha kazi za mikono, na mlango wa kutokea nje.

Zoezi: Chora ramani ya darasa utakamofanyia mazoezi ya kufundisha. Onyesha mahali usimamapo, na watoto usiowafikia kwa urahisi. Kuta huwezi kuzihamisha. Je, ni nini uwezacho kuhamisha kabla ya somo kuanza?