Tumpe Pweza Nafasi Akue

Kila bamvua, maji yakipwa, akina mama wa pwani huteremka mwambani na vijiti vyao kutafuta pweza. Kazi hii haitaki ngalawa wala nyavu. Inataka macho makali na miguu migumu. Ndiyo maana tangu zamani pweza amekuwa fedha ya mama: ya sabuni, ya chumvi, ya daftari la mtoto.

Siku hizi mambo yamegeuka. Matajiri huja na barafu mpaka ufukweni, na pweza husafirishwa hadi Ulaya. Bei ilipopanda, wanaume nao wakaingia kwa wingi, tena na miwani ya kuzamia. Watu wameongezeka, mwamba ni ule ule. Mama anarudi na pweza wadogo watatu, kila mmoja haujazi mkono. Basi tufanyeje?

Kwanza tumjue pweza mwenyewe. Maisha yake ni mafupi: huishi mwaka mmoja hivi, au zaidi kidogo. Lakini hukua upesi sana. Jike hutaga mara moja tu. Huingia tunduni, huziba mlango kwa mawe, hulinda mayai yake maelfu kwa maelfu, wala hali chakula. Watoto wakitoka, mama hufa. Watoto huelea baharini wiki kadhaa kabla ya kushuka mwambani.

Hapa pana mambo mawili ya kushika. Ukimvua pweza mdogo, umemvua kabla hajataga. Na ukimwacha muda mrefu mno, atakufa mwenyewe, usipate kitu. Kwa hiyo pweza hahitaji kuachwa miaka. Miezi michache inatosha.

Haya, tupige hesabu. Tuseme leo umepata pweza 10, kila mmoja nusu kilo. Hizo ni kilo 5. Kilo moja ikiwa shilingi 6,000, umepata shilingi 30,000. Sasa tuseme umewaacha miezi mitatu. Wengine wataliwa na mikunga, wengine watahama. Wamebaki 6, lakini kila mmoja ana kilo 2. Hizo ni kilo 12, yaani shilingi 72,000. Huu ni mfano tu, bahari haina mkataba na mtu. Lakini unaonyesha njia.

Wako waliokwisha kuijaribu. Katika kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska (wazee wetu walikiita kisiwa hicho Bukini), wavuvi walifunga sehemu ya mwamba wao mwezi Novemba 2004, wakaifungua Juni 2005. Vijiji jirani vikaiga. Watafiti walichunguza mara 36 za kufunga miamba katika eneo hilo, wakatoa taarifa mwaka 2015. Waliona kwamba katika siku 30 baada ya kufungua, mapato ya vijiji kutokana na uvuvi wa pweza yaliongezeka zaidi ya maradufu. Na wakati wa kufunga, mapato hayakushuka sana. Huku kwetu, Kisiwa Panza kule Pemba nao wamefunga mwamba wa pweza kwa namna hiyo.

Je, kwa nini mapato hayakushuka? Hawakufunga mwamba wote. Walifunga kama sehemu moja kwa tano ya mahali pa kuvulia, na kwingine watu waliendelea na kazi. Kijiji kikifunga bahari nzima, watu watalala njaa, na mtu mwenye njaa haheshimu boya.

Lakini sehemu gani ifungwe? Hapo ndipo ugomvi unapoanzia, na ni haki watu wagombane mkutanoni kuliko baharini. Mwenye ngalawa atakwambia fungeni mwamba wa karibu, maana yeye ataenda wa mbali. Na mama aendaye kwa miguu? Kwake mwamba wa karibu ndio wa pekee. Mkutano ukifanywa na wanaume watupu, basi mzigo wote utamwangukia mama. Akina mama wawepo, tena waseme kwanza.

Jambo la pili ni siku ya kufungua. Kule Madagaska, mwamba ulipofunguliwa mara ya kwanza, watu wa vijiji vingine walikuja wengi, na faida kubwa ikachukuliwa kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo majirani waambiwe mapema, nao ikiwezekana wafunge na kufungua siku ile ile. Kamati ya uvuvi ya kijiji iandike sheria ndogo kabla ya kufunga: nani ataingia, saa ngapi, na faini ni kiasi gani. Nusu kilo ndiyo iwe mwisho wa chini. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara za mwaka 2009 zilikataza pweza aliye chini ya gramu 500. Na kupindua mawe au kuvunja matumbawe kukatazwe kabisa, maana tundu likivunjwa, pweza mwingine hatapanga.

Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika una kazi hapa. Chukua daftari, piga mistari minne: tarehe, jina la mwamba, idadi ya pweza, kilo. Andika kila bamvua, kabla ya kufunga na baada ya kufungua. Bila daftari, mmoja atasema pweza wameongezeka, mwingine atasema wamepungua, na mwenye sauti kubwa atashinda.

MASWALI YA KUJADILI

Kwa nini haifai kufunga mwamba miaka miwili kwa ajili ya pweza?

Mama ameuza pweza 8, kila mmoja kilo 1 na nusu, kwa shilingi 6,000 kila kilo. Amepata shilingi ngapi?

Kijijini kwenu, ni mwamba gani ukifungwa hautamlaza mtu njaa? Utajeni kwa jina.

Tajiri hupima pweza kwa mzani wake mwenyewe. Je, kijiji chenu kina mzani?