Gegedu la Goti

Tukila kuku, tunaona kitu cheupe kinachoteleza kwenye ncha ya mfupa. Hicho ni gegedu. Hata sisi tunalo magotini. Linazuia mifupa isisagane.

Je, mbona kidonda cha mkono hupona, lakini gegedu likilika halirudi? Ni kwa sababu halina mishipa ya damu. Damu ndiyo inayopeleka chakula na mafundi wa kutengeneza mwili.

Mwaka 1987, huko Gothenburg, Uswidi, madaktari walianza kuchukua chembe hai za gegedu la mgonjwa mwenyewe. Walizikuza maabara, kisha wakazirudisha gotini. Mwaka 1994 walitoa habari za wagonjwa 23. Wengi walipata nafuu.

Siku hizi wataalamu wanajaribu pia chembe changa, zile ambazo bado hazijachagua kazi. Huzitoa katika mafuta ya mwili au uboho. Wengine huzimulikia mwanga mwekundu wa leza, waone kama zitakua vizuri zaidi. Kazi hiyo bado ni majaribio.

Basi, tusidanganyike. Mtu akija kutuambia, "Leteni ng'ombe, nitaotesha gegedu kwa taa," tumwulize: nani amepona? Nani amepima? Ng'ombe wetu abaki zizini. Sisi tupunguze unene, tufanye mazoezi mepesi, na goti likivimba twende zahanati mapema.

Maswali:
1. Kwa nini gegedu haliponi lenyewe?
2. Kijijini kwetu, nani wanaumwa magoti? Tuwasaidieje?