HAVIONEKANI, LAKINI VIMO

Kabla ya kuendelea, fungueni Luka 17, mstari wa 11 hadi 19, mkasome habari ya wale watu kumi wenye ukoma. Wengi wetu tunalipenda somo hili kwa ajili ya yule mmoja aliyerudi kushukuru. Leo tutazame neno linalotangulia. Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, kwa maana Sheria (Walawi 14) ilimpa kuhani kazi ya kumkagua mwenye ukoma na kutangaza kama amekuwa safi. Mgonjwa hakujitangaza mwenyewe, wala jirani zake hawakumtangaza.

Sisi mashemasi wa hapa Kamanyola tulilisahau neno hilo. Miaka michache iliyopita, mama mmoja alisimama katika ibada akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa akinywa dawa za Sida, na karatasi ya maabara ilisema kwamba virusi havionekani katika damu yake. Ngoma zikapigwa, tukaimba mpaka saa nane, na ushuhuda wake tukauandika katika daftari. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza mganga wake wa hospitali alisema nini. Mama akaacha dawa. Mwanzoni alikuwa mzima, analima mpunga wake kama kawaida. Kisha akaanza kukonda, kukohoa, kutoka jasho la usiku, na siku alipoletwa tena kanisani alikuwa amebebwa juu ya pikipiki, mtu mmoja mbele na mwingine nyuma akimshika asianguke.

Ndipo tukaenda kuuliza lile tulilopaswa kuuliza mbele. Tulielezwa hivi. Virusi vya Sida huingia ndani ya chembe za damu zilizo kama askari wa mwili, na humo ndimo vinamozaliana. Dawa inazuia kuzaliana huko. Mtu akinywa kila siku, virusi vinapungua mpaka mashine ya maabara inashindwa kuvihesabu. Hiyo ndiyo maana ya «havionekani». Lakini vingine vimejificha katika askari waliolala, na hivyo dawa haiviui. Mwenye shamba la mpunga anafahamu jambo hili: majani ya magugu umeyakata, mizizi imebaki chini ya matope. Dawa ikiachwa, mara nyingi ni majuma machache tu, virusi vinajaa tena. Na mwenye kunywa leo na kuacha kesho anavifundisha virusi kuizoea dawa, hata siku moja dawa hiyo isimfae tena.

Hata hivyo, karatasi ile ilikuwa ya kushangilia kweli, na hapo hatukukosa. Mtu ambaye virusi vyake havionekani, naye anaendelea na dawa, mwili wake unapata nguvu, na hamwambukizi mke wake au mume wake katika kukutana kwao. Tulichokosa ni kumwambia kwamba amemaliza.

Wengine watauliza, je, si apimwe upya kidoleni ili tujue? Hapana. Kipimo cha kidole hakitafuti virusi vyenyewe, kinatafuta silaha ambazo mwili umetengeneza kupigana navyo. Aliyeanza dawa, silaha hizo zaweza kupungua, na kipimo kikamdanganya. Basi asizunguke kwa siri kutoka kituo hiki hadi kingine akitafuta jibu linalompendeza. Akajionyeshe kwa mganga yule yule aliyempa dawa.

Kipimo cha kidole ni kwa yule ambaye hajajua hali yake. Tone moja la damu, na majibu hupatikana siku hiyo hiyo. Kikionyesha kwamba virusi vimo, mganga hurudia kwa kipimo cha namna nyingine kabla ya kutoa neno la mwisho. Kikionyesha kwamba havimo, na mtu alikuwa katika hatari siku za karibuni, arudi baada ya miezi mitatu, maana mwili huchelewa kutengeneza silaha. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani limesema kila mwenye virusi aanze dawa bila kungoja kuugua. Siku hizi kwa watu wazima wengi ni kidonge kimoja kwa siku.

Kosa letu si la Kamanyola peke yake. Mwaka 2011 watu kwa maelfu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kule Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wako wenye Sida walioacha dawa zao baada ya kikombe. Hatuandiki haya ili kuwacheka. Sisi tulifanya vile vile bila hata kikombe. Lakini someni Isaya 38: nabii alipoleta habari ya kupona kwa mfalme Hezekia, aliagiza pia mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Nabii huyo hakuona haya kutumia dawa.

Mama mwenye mimba apimwe mapema. Akinywa dawa zake, na mtoto akapewa za kwake baada ya kuzaliwa, mtoto huyo anaweza kukua bila virusi. Kondomu nayo inakinga. Tunajua kuna wazee watakaokunja uso kuliona neno hili katika gazeti letu, lakini wao hawakuwa pale pikipiki ilipofika. Na dada au ndugu aliyebakwa, tusimkalishe katika mashauri ya familia. Zipo dawa za kuzuia virusi visishike, nazo zianzwe upesi, kabla ya saa 72 kupita, kisha zinywewe siku 28. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imehudumia wengi wa namna hii.

Kwetu kuna jambo lingine, nalo ni kukimbia. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za Sida Bukavu mwezi wa kumi 2003, na katikati ya 2004 vita viliingia mjini. Kazi haikufa, kwa sababu mpango wa siku za hatari ulikuwa umeandaliwa mbele. Mwezi wa pili 2025, vita vilipofika Bukavu na hapa Kamanyola, tuliona walioondoka na magodoro wakaacha vidonge chini ya mto. Mwenye dawa azifunge pamoja na karatasi yake ya matibabu, mahali anapoweza kuzichukua usiku. Akivuka kwenda Rwanda au Burundi, aonyeshe karatasi hiyo kwenye kituo cha afya. Dawa hizi hutumiwa huko pia.

Mama yule yu hai. Alitibiwa kwanza kifua kikuu, kisha akarudishiwa dawa za Sida, na leo yuko katika shamba lake. Ukurasa wa ushuhuda wake katika daftari hatukuuchana. Tumeandika pembeni kwamba anaendelea na dawa, kwa ruhusa yake, na jina lake tumelifuta, kwani lilikuwa siri yake nasi tulilisoma mbele ya watu wote.