Programu ya CT Scan Nayo Huhitaji Matunzo
Mashine ya CT scan huongozwa na kompyuta, na programu yake huchakaa kama tairi, ingawa kwa macho haionekani. Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilizivamia hospitali za Uingereza. Vifaa vya uchunguzi 1,220 viliathirika, zikiwamo mashine za MRI. Sasisho la kuziba mwanya huo lilikuwa limetolewa tangu Machi!

Hata hivyo, fundi asilisakinishe kwa pupa. Mtengenezaji wa mashine aliidhinishe kwanza. Kisha mtaalamu wa fizikia tiba apime upya ubora wa picha na dozi ya mionzi, kwa kuwa mipangilio yaweza kubadilika. Muda huo mashine husimama. Mgonjwa awezaye kungoja apangiwe siku nyingine. Mwenye dalili za kiharusi apewe rufaa papo hapo.